Fundi wa umeme alivua ndala

Taa ya koridoni kwetu iliungua nikamwita kijana wa umeme wa hapa mtaani, Kinyerezi. Kaja na bisibisi na testa mfukoni, ngazi hana. Akaangaza macho, akaona maboksi yamepangwa ukutani, akapanda juu yake na ndala zake akaanza kufungua holda.

"Dada, haya maboksi yana nini? Mbona magumu hivi, tailizi?"

"Vitabu."

"Vya shule?"

"Vyangu. Nimeandika mimi."

Akanyamaza. Akashuka, akavua ndala, akazipanga pembeni vizuri kabisa, akapanda tena pekupeku.

Wiki ya tano sasa hiyo picha haijanitoka. Maana mimi mwenyewe nayapita hayo maboksi mwaka na nusu, mwanangu anayakalia asubuhi akivaa viatu vya shule, mume wangu kaweka juu yake dumu la mafuta ya kula, na hakuna mtu humu ndani aliyewahi kuyavulia viatu. Halafu fundi akiwa kule juu, bila hata kunitazama, akauliza: "Sasa dada, hela ya kutengeneza vyote hivi ulitoa wapi?"

Nikamjibu tulijichanga tu.

Uongo mtupu.

## Hesabu niliyokuwa naikwepa

Usiku ule nikatoa daftari. Sijawahi kukaa chini nikaipiga hii hesabu yote kwa pamoja, nilikuwa nakumbuka vipande vipande, vile ambavyo mtu anakumbuka deni.

Mhariri, laki tano. Wa kusoma prufu, laki na nusu. Mpangilio wa kurasa, laki na elfu themanini. Kava, laki mbili, na yule kijana wa kava alinirudishia michoro mara nne bila kuongeza hata mia, Mungu ambariki. Hapo ni 1,030,000 na hakuna hata karatasi moja iliyopita kwenye mashine. Kiwandani nakala 1,000 kwa 3,600 kila moja, hiyo 3,600,000. Kirikuu ya kubeba mzigo kutoka Kariakoo, elfu sitini. Jumla 4,690,000.

Nikamsomea mume wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na ule uzinduzi?"

Ee. Uzinduzi. Ukumbi, spika, soda na sambusa, 380,000. Nilikuwa nimeusahau kabisa, au nimejisahaulisha. Kwa hiyo 5,070,000, na hapo sijahesabu bodaboda za kwenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi kufuatilia ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, wala nakala za kuwaachia wao maktaba, wala bando, wala ule mwaka mzima wa kuandika saa kumi alfajiri kabla watoto hawajaamka. Muda wa mwandishi hauna risiti.

Upande wa kuingiza sasa. Nimeuza 212. Kati ya hizo 130 kwa mkono wangu, elfu kumi na mbili taslimu au kwa simu, hiyo 1,560,000. Zile 82 zimeuzwa madukani kwa mali kauli, duka linachukua asilimia 40, mimi nabaki na 7,200, ila nimelipwa za nakala 52 tu, yaani 374,400. Za 30 zilizobaki "njoo Ijumaa". Nimeenda Ijumaa nyingi. Nakala 64 nimegawa, na zingine 60 bado ziko kwenye rafu za watu huko, sijui kama hata zimefutwa vumbi.

Zilizobaki ndo hizo alizopandia fundi.

## Elfu tatu na mia sita

Nataka kukaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo nilipopotea, na najua kuna mtu anasoma hii akiwa na mswada kwenye laptop na yuko karibu kupotea palepale.

Nilivyoenda kuulizia bei mara ya kwanza nilipewa bei mbili. Kwa mashine ya dijitali, nakala 100 mpaka 150, kila moja 7,500. Kwa ofseti, ukichapa 1,000, kila moja 3,600. Sababu yake haina uchawi. Kwenye ofseti lazima kwanza watengeneze plati, yaani bamba la kuchapia, na plati gharama yake ni ileile uchape kumi au uchape elfu kumi, kwa hiyo ukichapa nyingi ile gharama inagawanyika mpaka inakuwa kama haipo. Dijitali haina plati, ila kila nakala inabeba mzigo wake wenyewe.

Yule jamaa wa kiwandani akanigeuzia kikokotoo: "Mwalimu, ona, unaokoa karibu elfu nne kila kitabu." Na ni kweli. Nikapiga kelele za moyoni, nikaona kama nimeokota hela.

Ila hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza, hivi una wasomaji wangapi?

Sio ndugu wangapi au namba ngapi kwenye simu. Wasomaji.

Ningechapa 150 kwa ile bei "ghali" ningelipa kiwandani 1,125,000. Ukijumlisha na uhariri na mengine inakuwa 2,155,000. Ningeziuza zote kwa mkono, na watu 130 nilishawapata kweli, kwa hiyo 150 sio ndoto, ningepata 1,800,000. Ningepata hasara ya 355,000. Hasara, ndiyo, ila ya kulipika, na korido yangu ingekuwa korido. Halafu mhariri na kava unamlipa mara moja tu, kwa hiyo nakala za awamu ya pili zingeanza kuniachia 4,500 kila moja. Mimi nikanunua unafuu wa elfu nne kwa kitabu, kwa vitabu mia saba ambavyo hakuna aliyeviomba.

Kuna kitu kingine nilikigundua wiki hiihii na kilinikata maini. Kitabu cha dijitali hakiwezi kwenda dukani. Toa 4,800 ya duka kwenye 12,000, inabaki 7,200, na wewe umekichapa kwa 7,500. Kila nakala duka likiuza umemlipa mnunuzi mia tatu akusome. Kwa hiyo aliyechapa chache auze kwa mkono wake, anayetaka rafu za madukani achape nyingi au apandishe bei, na ukipandisha bei mteja wa Dar anakiangalia, anakirudisha taratibu, anasema "nitapita". Sioni njia ya tatu, mwenye nayo aniambie.

## Shukrani zilizokatwa

Hii ni ndogo ila itarudi baadaye. Kiwandani kurasa zinakwenda kwa fomu, yaani karatasi kubwa moja inayokunjwa ikawa kurasa kadhaa, na fomu ya kwetu ilikuwa ya kurasa 16. Kitabu changu kilikuwa na kurasa 183. Jamaa akaniambia ama ukate zirudi 176, ama ulipie mpaka 192 na nyingine zikae nyeupe. Nilishaishiwa. Nikabana nafasi za sura, nikapunguza herufi kidogo, bado kurasa mbili zinazidi.

Nikafuta shukrani. Kurasa mbili zenye majina ya watu zikawa mistari miwili chini ya ukurasa wa ISBN: nawashukuru wote walionisaidia kwa hali na mali.

## Biashara ya vitenge

Turudi kwa swali la fundi. Hela nilitoa wapi?

Akiba yangu 1,690,000. Zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela pale shuleni ilikuwa imefika, milioni moja. Na milioni mbili nilikopa kwenye kikoba, miezi sita, riba asilimia 10. Ya uzinduzi ilitoka kwenye hela ya matumizi ya nyumbani ndo maana niliisahau.

Kwenye fomu ya mkopo ya kikoba kuna sehemu ya kujaza madhumuni. Nilikaa nayo siku mbili. Nikiandika kitabu, nikawaza, wale mama watacheka, watauliza kitabu kinarudishaje hela kila mwezi, na kusema kweli nisingekuwa na jibu. Nikaandika: biashara ya vitenge.

Wadhamini wangu wawili wakasaini. Kila kikao mwenyekiti ananiuliza, "Vitenge vinaendaje?" nasema vinakwenda. Kuna mama mmoja akanipa oda ya wax sita. Nikaenda Kariakoo nikanunua kwa bei ya rejareja nikamuuzia kwa bei ileile ili tu nisiumbuke, akasema wewe una bei nzuri, akaniletea na dada yake. Yaani nilikuwa naendesha biashara hewa ya vitenge ili kuficha kitabu cha kweli.

Rejesho lilikuwa kama 367,000 kwa mwezi. Nililipa kwa mshahara na twisheni za jioni, nikamaliza, sikuchelewesha hata mara moja. Hilo najivunia. Ila nimewaza sana hizi wiki tano: wale mama ishirini na mbili ndio watu walionipa hela kuliko mtu yeyote hapa duniani, na muda wote huo hakuna hata mmoja aliyejua alichonipa.

Ningewauzia hata kumi na tano pale.

## Nakala mia za mgeni rasmi

Hili nalipitia haraka maana wengi mnalijua. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alisimama akasema ananunua nakala mia moja, ukumbi ukalipuka, mama mmoja akapiga vigelegele, mpiga picha akaja mbio. Nikapewa namba ya msaidizi wake. Msaidizi akasema tuandikie barua. Nikaandika. Akasema barua iwe na proforma, yaani ankara ya awali. Nikatengeneza proforma. Baadae simu ikawa inaita tu.

Sina kinyongo, siku hizi nikialikwa kwenye uzinduzi wa mtu nikisikia ahadi nahesabu walio na simu mkononi wanaolipa saa hiyohiyo.

## Shangazi

Baada ya ile hesabu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na anuani. Ndugu. Familia yetu hii ikiwa na harusi tunachanga milioni kumi na tano ndani ya wiki sita, kuna kamati, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina anayepost orodha kila saa tatu usiku, mtu akichelewesha anapigiwa. Sendofu ya juzi tu nilitoa laki na sare juu. Pilau ya usiku mmoja. Kitabu changu, elfu kumi na mbili, "hongera sana mwanetu", na mikono ya kupiga makofi.

Nikamwendea shangazi yangu Tabata nikamwaga yote. Yeye ndo mweka hazina wetu wa milele, daftari lake lina michango ya tangu miaka ya tisini. Nilitegemea anionee huruma.

Akanisikiliza huku anachambua mchele. Akasema, "Mwanangu, mimi harusi ya mtu simchangii. Namrudishia. Mama yake alinichangia mimi, na mimi namrudishia yeye, na mwanae atakurudishia wewe. Wewe kitabu hujawahi kumrudishia mtu. Umenunua cha nani?"

Nikataka kujibu. Nikakosa.

Akaendelea bila kuinua macho, "Halafu jina langu nililitafuta kwenye shukrani. Nilitafuta kitabu kizima, nikadhani labda liko mwisho."

Hapo ndo nikajua shangazi alikinunua. Alikinunua dukani Posta, kimyakimya, akakisoma chote akitafuta jina lake.

Njiani narudi kwenye daladala nikawa najitetea moyoni, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, vitabu nanunua bwana. Nanunua, ndiyo, vya mitumba, na vya waandishi waliokufa. Ila kuna mwalimu mwenzetu wa Morogoro alitoa diwani yake mwaka juzi, alijichapishia kama mimi. Mtu akaitupia PDF kwenye grupu la walimu. Nikaisoma yote usiku mmoja, shairi la nne lilinitoa machozi, nikamwandikia inboksi "hongera sana, kazi nzuri mno". Akajibu asante dada, ulipata wapi nakala?

Nikamwambia niliazimwa.

Huo uongo nilikuwa nimeusahau kama nilivyosahau hela ya uzinduzi.

Nimemtumia elfu kumi wiki iliyopita, nikamweleza ukweli. Alichukua siku nzima kujibu. Alisema anashukuru na kwamba mimi ni wa saba kununua mwaka huu.

## Wenye hela wako wapi basi

Najua mtaniuliza kuhusu ufadhili maana mimi nilivyokuwa natafuta nilisoma kila kitu. Yale majukwaa ya kuchangisha mtandaoni kama Kickstarter, mwanzilishi wa mradi lazima awe kwenye nchi wanazozikubali na Tanzania haipo. Amazon hulipi kuchapa, wanachapa mteja akiagiza na kukata kwenye mauzo, ni nzuri kwa binamu aliyeko Marekani, ila kukileta kitabu hicho Dar nauli inazidi kitabu.

Tuzo zipo. Ya Mwalimu Nyerere, ile ya Taasisi ya Elimu iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, mshindi wa kwanza alipata milioni 10 na kitabu serikali inakichapa na kukipeleka shuleni. Ya Safal-Cornell, ya miswada ya Kiswahili, nayo ipo tangu 2014, dola zake zinazidi gharama zangu zote na chenji inabaki. Nikiambiwa nianze upya, mswada ungekwenda huko kwanza, ukakae hata mwaka, na mimi nikiwa nakusanya wasomaji polepole. Nilikuwa na haraka. Nilitaka kiwe mkononi kabla sijafika arobaini, hiyo ndo sababu nzima, na ni sababu ya kipuuzi ila ilinigharimu kama ya maana.

Ila kilichonikaa zaidi ni Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza hapa kwetu 1991. Utaratibu wao ulikuwa mchapishaji anachapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka shule, zile 2,000 anahangaika nazo mwenyewe sokoni. Nimeurudia huo utaratibu kichwani mara nyingi. Hawakumpa mtu hela akaandike au akachape. Walimhakikishia kwamba zaidi ya nusu ina mnunuzi kabla mashine haijawashwa. Mimi nilitafuta wa kunipa hela nikapata, wa kikoba, na mnunuzi nikamwacha baadae nitamtafuta. Kuchapa na kuchapisha kwenye Kiswahili chetu zimetofautiana silabi tu, mimi nafundisha hizo nyambuliko darasani miaka kumi na moja, na bado kiwandani nililipia kuchapa nikarudi nyumbani nikidhani nimeshachapisha.

## Daftari jipya

Nimeandika cha pili. Hadithi fupi saba, chembamba, nimehesabu fomu kabla sijamaliza: kurasa 112, saba kamili, na shukrani zimo.

Safari hii nina daftari kama la shangazi. Elfu kumi unalipa kwanza, jina linaandikwa kwa namba, siku ya kuchukua kitabu naitaja, nisipotimiza narudisha hela yako na nauli. Zikifika 80 ni laki nane, kiwandani nimepata bei ya nakala 100 kwa 6,000, kava anafanya yuleyule kijana, uhariri naulipa kidogokidogo kila mwezi tangu Januari. Hakuna mkopo na sambusa hazitakuwepo.

Hii leo nimefika majina 41. Inatisha kuliko kukopa, nawaambia. Kwenye kikoba nilikuwa na deni la hela, hapa nina deni la hadithi kwa watu 41, na kila siku nikiamka alfajiri najua majina yao. Usiku mwingine natamani zisifike 80 ili nirudishe hela za watu nikalale. Mume wangu anasema hiyo ndo inaitwa kuwa na wasomaji, mimi bado sijui inaitwaje.

Kikoba nimewaambia. Nilisimama kwenye kikao nikasema vile vitenge vilikuwa kitabu. Kimya. Mwenyekiti akasema, "Kwa hiyo wax zangu za krismasi hamna?" wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Tisa wamelipa palepale, wawili wamenuna na wana haki, walisaini udhamini wa kitu kingine.

Shangazi ni namba mbili. Hakutoa hela mpaka nilipomwonyesha ukurasa wa shukrani kwenye simu na akalisoma jina lake kwa sauti, la kwanza na la baba.

Namba moja ni fundi. Siku ile ya taa nilitaka kumpa kitabu bure, akakataa, ufundi wake ulikuwa elfu kumi na tano, akasema nipe elfu tatu na kitabu. Wiki iliyofuata akanitumia voisi noti ya dakika nne, amekasirika na yule baba wa kwenye sura ya tano, eti mtu gani anauza kiwanja bila kumwambia mkewe. Nilivyompigia kumweleza habari ya cha pili alituma elfu kumi kabla sijamaliza kueleza, hata jina la kitabu hajauliza. Aliuliza tu kama na hiki nacho nitakiweka koridoni, maana aliona taa ya jikoni nayo inapepesa, na kule jikoni hakuna cha kupandia.